Tumtaje Kunguni kwa Jina Lake

Hotuba kwa kaya zinazozungumza Kiswahili katika jiji la Washington, D.C. na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia

  

Nimeombwa nizungumze juu ya wadudu wanaoingia majumbani bila kualikwa. Wadudu hao ni wengi, lakini karibu muda wangu wote nitautumia kwa mmoja tu, kwa kuwa huyu mmoja ndiye tunayemficha. Mende akikatiza mbele ya mgeni, mwenyeji humpiga kwa kandambili, watu wakacheka, na mazungumzo yakaendelea. Kunguni akionekana juu ya kochi, chumba kizima hunyamaza.

Kazi yangu ni tafsiri na ukalimani, na ukimya huo nimeukuta hata katika maneno. Mpangaji anayepiga simu katika ofisi ya jengo kupitia mkalimani husema nyumbani kwake kuna "vidudu", au "wadudu wadogo wadogo", au "kitu kinachotusumbua usiku". Mkalimani hana ruhusa ya kuongeza neno ambalo mtu hakulitamka. Basi ofisi husikia wadudu, huandika wadudu, na baada ya siku kadhaa huja fundi mwenye dawa ya mende, akaipaka nyuma ya jiko na chini ya sinki, akaondoka. Kunguni haishi nyuma ya jiko. Anaishi pale mtu anapolala. Siku zimepita, mayai yameanguliwa, na mpangaji anaamini kwamba dawa za nchi hii hazina nguvu.

Kwa hiyo naanza na hili: jina lake ni kunguni, na kwa Kiingereza ni maneno mawili, bed bugs. Liandikeni hivyo hivyo katika barua na katika ujumbe wa simu. Neno hili moja huamua ni fundi gani atakayeletwa na ni chumba kipi kitakachokaguliwa.

Sasa tumtambue. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7, sawa na mbegu ya tofaa. Ni bapa kabla ya kula, rangi yake ni kahawia yenye wekundu, na hana mbawa. Akishanyonya damu huvimba na kurefuka. Watoto wake ni wadogo na karibu hawana rangi, ndiyo maana macho ya haraka hayawaoni. Mayai ni meupe, ya milimita moja hivi, na jike hutaga mamia kwa maisha yake. Katika joto la kawaida la nyumba mayai huanguliwa kwa siku 6 hadi 10. Asipopata mtu wa kumnyonya, kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kufa. Wale wanaofunga chumba kwa wiki mbili wakidhani watamuua kwa njaa wanajichosha bure.

Msitegemee alama za ngozini peke yake. Kuna watu wanaoumwa usiku kucha wasivimbe hata kidogo. Katika kitanda kimoja mama anaweza kuamka na mistari ya vipele mkononi, na baba akaamka hana kitu, akasema mama ana mzio wa sabuni. Tena picha za vipeperushi vingi huonyesha vipele vyekundu juu ya ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona uvimbe mdogo unaowasha, kisha doa lililo jeusi kuliko ngozi yenyewe, ambalo huchelewa kufutika. Ushahidi ulio bora uko kwenye godoro. Chukueni tochi, mfuate mshono wa godoro pembe kwa pembe, kisha chaga, kisha nyuma ya ubao wa kichwani. Mnatafuta vidoa vyeusi mfano wa ncha ya kalamu ya wino, magamba makavu ya wadudu waliojivua ngozi, na madoa ya damu kwenye shuka.

Wazee wetu waliokulia bara, hasa katika nyumba za udongo, huniuliza kuhusu homa ya papasi. Swali lao ni la haki. Papasi ni jamii ya kupe, naye huambukiza homa inayopanda, ikashuka, ikarudi. Kunguni si papasi. Hadi leo wataalamu wa afya hawamhesabu kunguni kuwa msambazaji wa maradhi kwa binadamu. Madhara yake ni mwasho, vidonda vya kujikuna vinavyoweza kuingia uchafu, na kukosa usingizi. Mtu anayeendesha gari la abiria alfajiri, au anayemhudumia mgonjwa zamu ya usiku, hawezi kulichukulia jambo la usingizi kwa wepesi. Hata hivyo, mbele kidogo nitaeleza kwamba katika habari hii wapo watu waliougua, na yupo aliyekufa, na si kwa sababu ya kunguni.

Kwanza tuiseme aibu. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba usafi ni sehemu ya imani, na mfano wa Waswahili kwamba kikulacho ki nguoni mwako tumeusikia tangu utotoni. Kwa hiyo tukimkuta kunguni tunajiona tumeshindwa wajibu. Lakini kunguni hatafuti uchafu. Anafuata joto la mwili na pumzi ya mtu aliyelala, na hayo yapo katika nyumba safi kama yalivyo katika nyumba chafu. Vitu vingi vilivyorundikana humpa mahali pa kujificha, hilo ni kweli, ila havimleti. Kampuni moja kubwa ya kuua wadudu hutangaza kila mwaka orodha ya miji ya Marekani ambako imeitwa zaidi kwa ajili ya kunguni, na Baltimore na Washington zote mbili zimewahi kushika nafasi ya kwanza. Humo mna hoteli za fahari na nyumba za mawakili. Hatukumleta sisi.

Historia yake nayo inatuhusu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, DDT ilikaribia kummaliza kunguni katika nchi hii. Ilipopigwa marufuku mwaka 1972, tayari palikuwa na kunguni wasiodhurika nayo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamerudi kwa kasi, wakisafiri katika masanduku ya abiria na samani za mitumba. Dawa nyingi za kopo zinazouzwa madukani leo zimeigizwa kutoka katika sumu ya asili ya ua la pareto, lile lile lililolimwa na wazazi wa baadhi yenu katika nyanda za juu za Kenya na za kusini mwa Tanzania. Kunguni wengi wa sasa wameizoea jamii hiyo ya dawa. Ndiyo maana mtu hupuliza makopo matatu, na kunguni akatembea juu ya unyevunyevu wa dawa kana kwamba ni umande.

Anaingiaje? Kochi zuri lililoachwa kando ya barabara mwisho wa mwezi, watu wanapohama, ni mlango wake mkubwa. Godoro la bure pia. Kuta za majengo yetu ya Langley Park, Silver Spring au Alexandria zina matundu ya mabomba na ya nyaya, naye hupita humo kutoka fleti hadi fleti. Na ipo njia moja isiyoandikwa sana, ilhali inawagusa wengi walio hapa: kazi ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani. Mnaofanya kazi hiyo, msiweke mkoba wala koti juu ya kitanda au kochi la mnayemhudumia. Wekeni juu ya kiti kigumu, au katika mfuko wa plastiki uliofungwa. Mkirudi nyumbani, vueni nguo za kazi karibu na mlango, ziende moja kwa moja katika mashine ya kukaushia. Na mkiona dalili kwa mgonjwa, mwambieni msimamizi wenu wa kazi. Mkikaa kimya kwa kuogopa kuonekana mnamsema mteja, mtalilipia nyumbani kwenu.

Nafika sasa kwenye jambo linalonitia hofu kuliko kunguni mwenyewe, nalo ni yale tunayoyafanya kwa siri usiku ili jirani asijue.

Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani, CDC, vilikusanya taarifa za majimbo 7 kati ya mwaka 2003 na 2010, vikapata watu 111 waliougua kutokana na dawa walizotumia, au walizotumiwa, kuua kunguni. Mmoja alifariki. Alikuwa mwanamke wa miaka 65 katika jimbo la North Carolina, ambaye tayari alikuwa na maradhi mengine. Nyumbani kwake palifyatuliwa makopo tisa ya dawa ya moshi, yakarudiwa baada ya siku mbili, naye mwenyewe akajipaka dawa ya wadudu mwilini na nyweleni. Kunguni hakumuua mama huyu. Aliuawa na kukata tamaa, pamoja na sumu iliyouzwa kihalali dukani ila ikatumiwa kupita kiasi na mahali pasipostahili.

Makopo ya moshi msiyatumie. Moshi hauingii ndani ya nyufa anamokaa kunguni. Unatua juu ya sakafu anakotambaa mtoto. Msipulize dawa ya bustani ndani ya nyumba, wala dawa yoyote juu ya godoro au mwilini ikiwa maandishi yake hayasemi waziwazi kwamba imeruhusiwa hapo. Karibu kila dawa halali ya wadudu nchini humu ina namba ya usajili inayotanguliwa na herufi EPA, ambazo ni za Shirika la Kulinda Mazingira. Chupa isiyo na namba hiyo, hata ikiwa imeletwa na shangazi katika sanduku kutoka nyumbani, isifunguliwe. Ile chaki ya kuulia mende tuliyoizoea sokoni, inayochorwa mistari sakafuni, ni haramu kuuzwa hapa, na mtoto huidhania chaki ya shule.

Kuna na spiriti. Watu huipuliza kitandani kwa sababu ni rahisi na kunguni aliyelowa hufa. Ambaye hakulowa anabaki, na mvuke wa spiriti unabaki, ukisubiri kiberiti, sigara au ubani. Mwishoni mwa mwaka 2017 katika mji wa Cincinnati, Ohio, moto ulizuka majumbani kwa sababu hiyo hiyo, na watu wakakosa makazi. Mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Bibi zetu walisimamisha miguu ya kitanda katika makopo yenye mafuta ya taa na hawakuungua, lakini hawakulala katika jengo la ghorofa saba lenye zulia ukuta kwa ukuta. Wala msiwashe oveni au jiko la mkaa kupasha chumba joto. Gesi ya mkaa haina rangi wala harufu, nayo huua kabla ya kunguni kuhisi joto.

Ikiwa mtu amevuta au amemeza dawa, au imemwingia machoni, pigeni kituo cha sumu, 1-800-222-1222, usiku au mchana, bila malipo; semeni "Swahili" na mngoje mkalimani. Aliyezimia, anayetetemeka kwa degedege au anayeshindwa kupumua ni wa 911.

Mkiuliza kinachofaa, nitasema joto, na uvumilivu. Kunguni na mayai yake hufa katika joto la takriban nyuzi 50 za Selsiasi, yaani kama nyuzi 122 za Farenhaiti, likidumu na kupenya. Mashine ya kukaushia nguo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko ile ya kufulia. Shuka, kanzu, kanga, mapazia, miswala na nguo za watoto zitiwe katika kikaushio kwenye joto la juu kabisa, zizunguke nusu saa, na mashine isishindiliwe. Kwa nguo isiyo chafu huhitaji hata kuifua. Mkitumia chumba cha kufulia cha jengo, zipelekeni ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa, mfuko uliozileta uende jalalani ukiwa umefungwa, na nguo zirudi katika mfuko mpya. Mkizirudisha katika mfuko ule ule mmemrudisha na mwenyewe.

Msahafu, Biblia, vitabu na picha za wazazi havipulizwi dawa wala havitiwi katika joto. Vitieni katika mfuko usiopitisha hewa, kisha katika friza kwa siku 4 kamili, mradi friza lifikie nyuzi 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, ambazo ni sifuri ya Farenhaiti. Nunueni kipimajoto kidogo muhakikishe, kwa kuwa friza nyingi za majumbani hazifiki hapo.

Godoro msilitupe kwa haraka. Familia nyingi zimetoa magodoro usiku, zikalala sakafuni kwenye mikeka, zikajibana kununua mapya, na kunguni waliobaki ukutani na katika chaga wakahamia katika mapya ndani ya mwezi mmoja. Lifyonzeni kwa mashine ya kufyonza vumbi, hasa mishono. Mfuko wa vumbi ufungwe na utolewe nje papo hapo. Kisha livisheni gamba lenye zipu lililotengenezwa kwa ajili ya kunguni, na lisivuliwe kwa mwaka mzima. Kitanda kivuteni mbali na ukuta, shuka isiguse sakafu, na chini ya kila mguu wekeni kikombe cha mtego. Hapa bibi zetu walikuwa na hekima, ila safari hii kikombe hakina mafuta. Kuta zake laini humshinda kunguni kupanda.

Haya yote humpunguza. Kummaliza katika jengo la fleti ni kazi ya mtaalamu aliyesajiliwa, atakayekagua fleti yako pamoja na ya juu, ya chini na za pembeni. Hapo ndipo tunaporudi kwa mwenye nyumba.

Mwandikieni. Simu haitoshi. Tarehe, namba ya fleti, chumba mlichoona, neno kunguni kwa Kiingereza, na ombi la ukaguzi. Ambatisheni picha. Mkimpata mdudu mwenyewe mbandikeni kwenye utepe wa gundi unaopitisha mwanga, mumhifadhi. Wekeni nakala ya kila kitu. Huko Virginia sheria ya upangaji inamtaka mpangaji ambaye ameona wadudu amjulishe mwenye nyumba upesi, na akichelewa pasipo sababu ya maana anaweza kudaiwa gharama ya ziada iliyotokana na kuchelewa huko. Tazameni, basi, jinsi aibu inavyoweza kugeuka deni. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya maandishi saa 48 kabla ya kutia dawa ndani ya nyumba yako, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali muda mfupi zaidi. Saa hizo ni za kuwatoa watoto, mama mjamzito, ndege na samaki.

Asipojibu, wakazi wa D.C., wa Montgomery na wa Prince George's wapige 311 waombe ukaguzi wa nyumba. Jiji la Washington lina pia Ofisi ya Mtetezi wa Wapangaji, inayotoa ushauri bure, na tangu Sheria ya Haki ya Lugha ya mwaka 2004 ofisi za jiji hilo zina wajibu wa kumpatia mkalimani anayehitaji. Msimlazimishe mtoto wa miaka kumi akalimani habari ya kitanda cha wazazi wake. Najua baadhi yenu mnaogopa kufukuzwa. D.C., Maryland na Virginia, zote tatu, sheria zao zinamkataza mwenye nyumba kumlipizia kisasi mpangaji aliyelalamika. Hata hivyo msizuie kodi kwa hasira kabla ya kushauriana na mwanasheria, kwa maana hapo mnampa sababu nyingine.

Kisha mwambieni jirani, na mgeni. Ni vigumu, nakiri. Mgeni anayetaka kuja kulala wakati wa Idi au wa arusi anaweza kuambiwa hivi: "Karibu sana, ila kwetu kuna matibabu ya kunguni yanaendelea, tukutane kwa fulani, au tusubiri mwezi ujao." Aliyeambiwa hivyo ameheshimiwa. Aliyefichwa, akampeleka kunguni kwa watoto wake ndani ya begi, atajua alikompata.

Siku ya fundi, ondoeni vitu sakafuni na chini ya vitanda kama karatasi yake itakavyoagiza, na msihamie chumba kingine kulala. Kunguni atawafuata huko na chumba cha pili nacho kitahitaji dawa. Ziara moja mara nyingi haitoshi, kwani mayai hunusurika. Ulizeni tarehe ya ziara ya pili kabla fundi hajaondoka, kwa kawaida wiki mbili baadaye, na endeleeni kuvitazama vile vikombe vya mtego kila asubuhi.

Nitakuwa pale mezani hadi saa mbili usiku. Wenye barua za kuandika waje nazo, na asiyependa kuuliza mbele ya watu anisubiri nje, tutazungumza.